Chuma, mpira na dhahabu: safari ya beringi kutoka visima vya Texas hadi anga za juu

Mji wa Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, umejipatia jina kwa mambo mawili yanayoelekea pande tofauti: uchimbaji wa mafuta chini ya ardhi na uongozaji wa safari za anga za juu. Katika mambo yote mawili, kazi iliyogharimu mamilioni ya dola imewahi kukwama kwa sababu ya kifaa ambacho kila fundi wa gereji wa Afrika Mashariki anakifahamu, nacho ni beringi. Makala haya yanafuatilia jinsi wahandisi wa Houston, na wenzao wa Fort Worth upande wa kaskazini mwa jimbo hilo, walivyolazimika kuuliza upya swali lionekanalo jepesi: beringi itengenezwe kwa kitu gani?

Kifaa kidogo, masharti mengi

Kazi ya beringi ni kukaa kati ya kitu kinachozunguka na kitu kilichotulia, kubeba uzito na kupunguza msuguano. Watoto katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi wameijua kazi hiyo kwa vizazi, wanapookota beringi kuukuu kwenye gereji na kuzifanya magurudumu ya vigari vyao vya mbao. Ukiivunja beringi ya aina hiyo utakuta pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na baina yake gololi zinazobingirika katika njia yake.

Historia ya gololi hizo kama bidhaa ya kiwanda huanzia Schweinfurt, Ujerumani. Huko, mwaka 1883, Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma ziwe na mviringo kamili na ukubwa unaolingana. Mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji walikwisha kukubaliana juu ya chuma kinachofaa zaidi: chuma cha pua chenye takriban asilimia moja ya kaboni na asilimia moja na nusu ya kromiamu, kikachomwa na kupozwa ghafla hadi kikawa kigumu sana. Chuma cha namna hiyo ndicho kinachotumika hadi leo katika sehemu kubwa ya beringi za magari, mashine za kusaga nafaka na pampu za maji.

Lakini chuma hicho kina masharti yake. Kinataka mafuta safi, hakipendi maji wala mchanga, na joto likizidi sana kiwango kilichotumika katika kukitayarisha, ugumu wake hupungua. Juu ya hayo, gololi hugusa njia yake mahali padogo mno, hivi kwamba mzigo wa kawaida hugeuka kuwa mgandamizo mkubwa sana kwenye nukta hiyo. Punje moja ya mchanga inatosha kuacha kovu, na kovu hilo ndilo mwanzo wa ufa. Huko Texas, kazi ya kwanza iliyoijia beringi iliyavunja masharti hayo yote kwa mpigo.

Matope, mchanga na utajiri wa Hughes

Tarehe 10 Januari 1901, mafuta yalilipuka kutoka kisima cha Spindletop, karibu na mji wa Beaumont, mashariki ya Houston. Kisima hicho kilifungua zama mpya za mafuta katika Texas. Wachimbaji wa wakati huo walitumia kekee kubwa ya kuzunguka ambayo ncha yake ilikuwa bapa, ikifanana na mkia wa samaki. Ncha hiyo ilikwangua udongo laini vizuri, ila ilipokutana na mwamba mgumu ilisagika yenyewe kabla ya kuusaga mwamba.

Wafanyabiashara wawili wa mafuta, Howard Hughes mzee na Walter Sharp, walilikabili tatizo hilo. Hataza za Hughes zilitolewa tarehe 10 Agosti 1909, na mwaka huohuo wawili hao walianzisha kampuni yao mjini Houston. Badala ya ncha ya kukwangua, kichwa cha kekee yao kilikuwa na pia mbili za chuma zenye meno, zilizobingirika juu ya mwamba na kuuponda. Kampuni haikuviuza vichwa hivyo bali ilivikodisha, na utajiri uliotokana na mpango huo ulimfikia mwaka 1924 kijana wa miaka 18, Howard Hughes mdogo, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa ndege na filamu zake.

Pia inayobingirika lazima iwe na beringi, na hapo ndipo taabu ilipokuwa. Kichwa cha kekee hakina budi kupenya katika tundu ambalo mara nyingi upana wake haufiki hata shubiri mbili. Ndani ya nafasi hiyo finyu, wahandisi walipaswa kuweka pia, ambazo kuanzia mwaka 1933 zilikuwa tatu, pamoja na beringi za kubeba uzito wa tani kadhaa, katikati ya matope yaliyojaa chembe za mwamba na joto linalozidi kadiri kisima kinavyokwenda chini.

Jibu la kwanza lilihusu chuma chenyewe. Chuma kigumu kote kingepasuka kwa mapigo ya mwamba. Kwa hiyo kilichaguliwa chuma chenye kaboni kidogo kikaongezwa kaboni kwenye ngozi yake tu, kwa kukioka kwa saa nyingi. Matokeo yake yalikuwa chuma chenye ngozi ngumu ya kustahimili msuguano na moyo mlaini kiasi wa kustahimili mapigo. Mtu aweza kukifananisha na muhogo uliokaangwa: nje mkavu, ndani unabonyea.

Jibu hilo lilitosha mpaka meno yalipoboreshwa. Mwaka 1951 kampuni ya Hughes ilitoa kichwa chenye vijino vya kabaidi ya tangsteni, kitu kigumu kupita chuma chochote. Sasa meno yalidumu, lakini beringi zilikufa mapema. Beringi ikifa, pia huweza kung'oka na kubaki chini ya kisima. Hapo wachimbaji hulazimika kuyavuta mabomba yote juu, urefu wa kilomita moja baada ya nyingine, kisha kushusha vyombo vya kukitafuta kipande hicho gizani. Wao wenyewe huiita kazi hiyo kuvua, na mara nyingi uvuvi huo huishia mikono mitupu.

Kipete cha mpira chenye thamani ya dola milioni 205

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1960, wahandisi walichukua hatua mbili zilizobadilisha mambo. Ya kwanza ilikuwa kuyafungia matope nje na grisi ndani. Ya pili ilikuwa kuziondoa roda zilizobeba mzigo na kuiacha pia izunguke moja kwa moja juu ya kikonyo cha chuma, huku baina yake kukiwa na metali laini zaidi, kama vile fedha au aloi za shaba. Roda hugusa kwa mstari mwembamba. Kikonyo hugusa kwa uso mpana, na mzigo husambaa. Metali laini nayo ina sifa inayoonekana kinyume na akili ya kawaida: chembe ya uchafu ikiingia, metali hiyo huimeza na kuizika, ilhali chuma kigumu kingekwaruzwa nayo.

Mfumo wote huo ulitegemea kipete cha mpira kilichozuia grisi isitoke. Wahandisi wa Hughes waligundua kwamba kipete hicho hudumu kikibanwa kwa kiasi maalumu, na wakaliwekea hataza wazo hilo. Mshindani wao, kampuni ya Smith International, alitumia vipete vya namna hiyo, na kesi ikapelekwa mahakamani. Mwaka 1986 mahakama ya shirikisho huko California iliiamuru Smith kulipa takriban dola milioni 205. Kampuni hiyo, ambayo tayari ilikuwa imeelemewa na kuanguka kwa bei ya mafuta, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Hughes yenyewe iliungana na Baker International ikawa Baker Hughes.

Hivyo, katika historia ya beringi za visima, kesi kubwa kuliko zote haikuhusu chuma hata kidogo. Ilihusu kipande cha mpira kilicholinda grisi.

Fort Worth: beringi isiyobingirika

Takriban kilomita 400 kaskazini-magharibi ya Houston, swali hilohilo lilijitokeza kwa sura nyingine. Mwaka 1951 kampuni ya Bell ilihamishia kazi yake ya helikopta Hurst, pembeni mwa Fort Worth. Hapo ndipo ilipotengenezwa Huey, helikopta iliyokuja kujulikana mno katika vita vya Vietnam.

Pangaboi la helikopta lina tabia ya ajabu. Linapozunguka, kila ubawa wake hupinda kidogo kwenda na kurudi ili kuupata upepo kwa pembe inayotakiwa. Katika Huey mzunguko ni wa mara 324 kwa dakika, yaani zaidi ya mara tano kwa sekunde. Wakati huohuo ubawa unavutwa kwenda nje kwa nguvu ya tani nyingi. Beringi ya gololi hupenda kuzunguka mzunguko kamili, maana ndivyo grisi inavyorudi na kujipaka upya. Ikilazimishwa kwenda nyuzi chache mbele na nyuma, gololi huisukuma grisi pembeni na kuchimba vishimo mahali palepale, siku baada ya siku.

Suluhisho lilikuwa kuacha kubingirika kabisa. Tabaka nyembamba za mpira ziligandishwa na tabaka za metali, moja juu ya moja, mfano wa chapati zilizopangwa kwenye sahani. Ukizigandamiza kutoka juu, mpira hauna pa kukimbilia, hivyo hubeba mzigo mkubwa. Ukizipinda kwa pembeni, mpira hujinyonga kwa urahisi na kurudi mahali pake. Bell 412, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979, ilitumia beringi za aina hiyo katika kitovu cha pangaboi lake. Hazihitaji grisi, na kuchakaa kwake huonekana kwa macho: mpira huanza kutoa makombo na nyufa, na fundi hupata muda wa kuzibadilisha kabla ya maafa.

Hata hivyo, beringi ya mpira haiwezi kuzunguka duara zima, na mpira huharibiwa na mafuta, jua na baridi kali. Ndani ya gia boksi za helikopta, chuma hakijapata mbadala, na huko jambo linaloamua uhai ni usafi wa chuma chenyewe. Chembe ndogo ya takataka iliyogandia ndani ya chuma wakati wa kuyeyushwa huwa chanzo cha ufa, ama katika beringi ama katika gia. Tarehe 29 Novemba 2023, ndege ya V-22 Osprey, ambayo Bell huitengeneza pamoja na Boeing, ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Yakushima, Japani, na watu wote wanane waliokuwamo wakafariki. Ripoti ya Jeshi la Anga la Marekani iliyotolewa Agosti 2024 ilieleza kwamba gia ndogo ndani ya gia boksi ya kushoto ilipasuka. Baada ya hapo mkazo uliwekwa katika kutumia chuma kilichoyeyushwa mara tatu ili kupunguza chembe kama hizo.

Kauri ndani ya roketi

Safari za vyombo vya anga vya Shuttle, zilizoongozwa kutoka Houston kati ya mwaka 1981 na 2011, ziliileta beringi mahali ambapo hakuna mafuta yanayowezekana. Pampu za injini zake zilisukuma oksijeni iliyogandamizwa ikawa maji kwa baridi ya takriban nyuzi 183 chini ya sifuri. Mafuta ya kawaida ndani ya oksijeni ya namna hiyo ni hatari ya mlipuko. Beringi za chuma kisichoshika kutu zilijilainisha kwa shida, nazo zililika upesi kiasi kwamba pampu zililazimika kufunguliwa na kukaguliwa kila mara.

Julai mwaka 1995, katika safari ya STS-70, iliruka pampu mpya ya oksijeni yenye gololi za kauri iitwayo silikoni naitraidi. Gololi hizo zina uzito wa chini ya nusu ya gololi za chuma zenye ukubwa uleule, hazishiki kutu, na hazing'ang'anii chuma cha njia yake hata pakiwa pakavu. Kasoro yake ni bei, na tabia ya kauri zote: zikiwa na ufa mdogo, huvunjika bila onyo. Ndiyo maana kila gololi hukaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Teknolojia hiyo sasa imeshuka duniani, na gololi za kauri zinatumika katika baadhi ya mota za umeme kwa sababu nyingine tena: hazipitishi umeme, na hivyo huiepusha njia ya beringi na cheche zinazoiunguza.

Dhahabu iliyobanduka

Kisa kinachofundisha kuliko vyote, hata hivyo, kilitokea katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoongozwa kutoka Kituo cha Johnson mjini Houston. Mabawa makubwa ya nishati ya jua ya kituo hicho lazima yaligeukie jua wakati wote. Kwa kuwa kituo huizunguka dunia kwa muda wa takriban dakika 90, kila upande una kiungo cha duara, kipenyo chake zaidi ya mita tatu, kinachozungusha mabawa hayo mara 16 hivi kwa siku. Katika kila kiungo, pete ya chuma iliyofanywa ngumu juu kwa naitrojeni hupita katikati ya vishikizo 12 vyenye roda za chuma.

Katika ombwe, mafuta ya kawaida huvukiza na kutoweka, na vyuma viwili vitupu vinavyogusana huweza kushikana kana kwamba vimechomelewa. Wabunifu walichagua kuzipaka roda utando mwembamba wa dhahabu. Dhahabu ni laini, haishiki kutu wala haivukizi, na ilitarajiwa kuwa kilainishi kitakachodumu kwa miaka mingi.

Kiungo cha upande wa kulia kilipelekwa angani Juni 2007. Baada ya miezi michache, wataalamu wa Houston waliona kwamba mota yake inakula umeme zaidi na mabawa yanatikisika. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo, mwanaanga Dan Tani alifungua kifuniko akakuta unga wa chuma umetapakaa ndani. Alinasa sampuli kwa kipande cha utepe ili irudishwe duniani kuchunguzwa. Ngozi ngumu ya pete ilikuwa inabanduka.

Wakati ulikuwa mbaya. Maabara ya Ulaya, Columbus, na ile ya Japani, Kibo, zilikuwa zinasubiri kupelekwa mwaka 2008, na zote zilihitaji umeme. Kiungo kilisimamishwa, kikazungushwa tu pale ilipolazimu, na mgawo wa umeme ukapangwa kwa hesabu kali.

Wachunguzi walifikia hitimisho kwamba kasoro ilikuwa katika ulainishaji. Utando wa dhahabu haukushika vizuri juu ya roda. Dhahabu ilipotoka, msuguano uliongezeka. Msuguano ulipoongezeka, roda zilielemea upande mmoja. Na zilipoelemea, makali yake yaligandamiza pete kupita uwezo wa ile ngozi ngumu. Chuma cha pete na cha roda vilikuwa vimechaguliwa kwa busara. Kilichokosekana ni tabaka jembamba kuliko unywele lililopaswa kukaa kati yake.

Dawa yake haikuwa ya ajabu. Novemba 2008, katika safari ya STS-126, wanaanga Heidemarie Stefanyshyn-Piper, Steve Bowen na Shane Kimbrough walitoka nje kwa zamu katika matembezi manne. Walifuta unga wa chuma, walibadilisha vishikizo 11, na wakaipaka pete grisi maalumu ya ombwe kwa bomba la mkono, kama fundi wa lori anavyopaka grisi kwenye ekseli. Katika tembezi la kwanza bomba moja lilivuja ndani ya begi la vifaa, na Stefanyshyn-Piper alipokuwa akiisafisha grisi hiyo, begi lilimponyoka na kuelea gizani. Kazi iliendelea kwa kutumia vifaa vya mwenzake. Kiungo cha kushoto, ambacho hakikuwa kimeharibika, nacho kilipakwa grisi kwa tahadhari.

Matokeo yaliwashangaza hata walioyatarajia. Mzigo wa mota ulipungua sana, na kiungo kilichokuwa na makovu kikarudi kulifuata jua. Mpango wa kazi nzito ya kuhamia kwenye pete ya akiba uliwekwa kando. Tangu hapo kupaka grisi kumekuwa sehemu ya matunzo ya viungo hivyo. Mei 2011, kwa mfano, wanaanga wa safari ya STS-134 walikipaka tena kile cha kushoto.

Swali la fundi

Kwa fundi wa Gikomba au Gerezani anayechagua beringi kwa ajili ya mashine ya kukoboa mpunga au pampu ya kisima, visa hivi si vya mbali kama vinavyoonekana. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila beringi hufaa mahali pake. Beringi ya kauri ghali itavunjika chini ya mapigo ambayo chuma chenye moyo mlaini kingeyavumilia. Chuma kigumu kuliko vyote kitakwaruzwa na mchanga ambao aloi ya shaba ingeumeza. Mpira unaodumu kwa miaka kwenye pangaboi hauwezi hata kuzungusha gurudumu la mkokoteni.

Na katika visa viwili kati ya hivi, kisima na kituo cha anga, vyuma vyenyewe vilikuwa vyema. Kilichoamua kufaulu au kushindwa ni kilichokuwa kati yake: grisi, kipete cha kuilinda, utando wa dhahabu. Anayeuliza bei ya beringi bila kuuliza atapaka nini, na atauzuia vipi uchafu usiingie, ameuliza nusu tu ya swali. Nusu ya pili iliwachukua wahandisi wa Houston miaka 50 chini ya ardhi, na ilipowajia tena angani iliwagharimu zaidi ya mwaka mzima wa wasiwasi, matembezi kadhaa nje ya kituo, na begi moja la vifaa lililopotea.